Mashine Moja, Mifumo Miwili: Nani Mwenye Nyumba?

Misikhu, magharibi mwa Kenya, saa tatu asubuhi. Matatu zinazotoka Kitale zinateremka kuelekea Webuye, za Naitiri zinasubiri abiria, na katika chumba kimoja kando ya barabara mtu anawasha laptopu yake. Pembeni mwa skrini, saa inaonyesha kumi na mbili kamili. Anairekebisha. Jioni anaingia Linux kwa kazi yake nyingine, kesho yake asubuhi anarudi Windows, na saa imerudi nyuma tena kwa saa tatu zilezile, bila kuzidi wala kupungua. Fundi wa kwanza atamwambia kwamba betri ndogo ya ndani imekufa. Atanunua nyingine, itabadilishwa, na saa itaendelea kurudi nyuma.

Betri haina kosa. Ndani ya kompyuta mna kijisaa kimoja tu, kinachotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Windows huandika humo saa ya mahali ulipo. Linux huandika saa ya dunia, ile ya UTC, kisha huongeza tofauti ya eneo inapokuonyesha. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC. Kwa hiyo Linux ikiandika, Windows husoma pungufu ya saa tatu. Windows ikiandika, Linux husoma ziada ya saa tatu mpaka isahihishwe na intaneti. Hesabu za wote wawili ni sawa. Ila kila mmoja amepanga mambo yake kana kwamba anaishi peke yake.

Nimeanza na saa kwa sababu karibu kila tatizo la kuweka mifumo miwili ya uendeshaji kwenye kompyuta moja lina sura hiyohiyo. Watu wengi huuliza kama mashine yao ina nguvu za kutosha, au kama Linux ni ngumu. Hayo yana majibu mepesi. Swali zito ni hili: ikiwa mifumo yenyewe haijuani, nani ataijua yote miwili?

Kwa nini swali limetufikia sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, lakini marekebisho ya usalama yalikoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Anayetaka kuendelea na Windows huelekezwa kwenye Windows 11, nayo ina masharti: RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8.

Sharti la prosesa ndilo linalotuuma. Laptopu nyingi zinazouzwa katika miji yetu ni zile tunazoziita ex-UK, zilizotumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika huku. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460 zote zina prosesa za kizazi cha 6. Ni mashine imara zenye kibodi nzuri, na ukiziwekea diski ya SSD na RAM ya kutosha hufanya kazi ya ofisi bila kulalamika. Hata hivyo Windows 11 imezifungia mlango. Zipo mbinu za kuulazimisha mlango huo, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine iliyoingizwa hivyo itaendelea kupata marekebisho. Shule nazo zimo katika hali hiyohiyo, kwa kuwa kompyuta zilizokarabatiwa ndizo zilizofungua maabara nyingi nchini. Shirika la Computer for Schools Kenya limekuwa likifanya kazi hiyo tangu mwaka 2002.

Upande wa pili ipo Linux, iliyotangazwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwezi Agosti 1991. Toleo lake linalojulikana sana kwetu, Ubuntu, lilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo programu huria zimekuwa na mizizi hapa kwetu zaidi ya miaka 20. Linux Mint, toleo linalopendwa na wanaotoka Windows, hupendekeza RAM ya GB 4, kiasi ambacho ex-UK yoyote ya kizazi cha 6 inakimudu.

Basi mtu amesimama katikati. Windows anayoijua imezeeka, mpya imemkataa, Linux inamkaribisha lakini yeye haijui. Ndipo wazo la kuiweka yote miwili linapomjia, awe anachagua kila anapowasha mashine.

Kinachotokea ukibonyeza kitufe

Kompyuta inapopata umeme haijui Windows wala Linux. Inajua programu ndogo tu iliyochomwa kwenye ubao wake, nayo kazi yake ni kutafuta wa kumkabidhi usukani. Katika mashine za zamani programu hiyo ilikuwa BIOS. Ilisoma baiti 512 za mwanzo wa diski, ambazo 446 zilikuwa za maagizo ya kuanzia, 64 za orodha ya patisheni, yaani vipande vya diski, zisizozidi nne, na 2 za alama ya utambulisho. Nafasi ilikuwa ya bwana mmoja tu. Ukiweka Windows baada ya Linux, Windows iliandika maagizo yake juu ya yale ya mwenzake, na Linux ikatoweka machoni ingawa faili zake zote zilikuwa pale pale. Ushauri wa mafundi wa zamani, anza na Windows umalizie na Linux, ulizaliwa hapo.

Mashine za miaka ya karibuni hutumia UEFI. Hapa diski hutengewa patisheni ndogo, mara nyingi ya MB 100 hadi 500, ambamo kila mfumo huweka folda ya kianzishi chake. Windows ina yake, Ubuntu ina yake, na ubao huweka orodha ya majina yao kwa mpangilio wa nani aitwe kwanza. Kianzishi cha Linux, GRUB, kina ukarimu wa ziada: huweza kuonyesha orodha ambayo Windows imo, ukachagua kwa vishale. Cha Windows hakina ukarimu huo kwa Linux. Hata GRUB imepunguza wake: tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine kwenye diski huja ikiwa imezimwa, kwa sababu za usalama. Anayekuta Windows haipo kwenye orodha hudhani imefutika, kumbe inahitaji mstari mmoja urekebishwe katika mpangilio wa GRUB.

Jambo linalowaokoa wengi ni kwamba orodha ya ubao wenyewe haitegemei mfumo wowote. Kwenye HP ni kitufe cha F9 wakati wa kuwasha, kwenye Dell na ThinkPad ni F12. Anayekijua kitufe hicho ana ufunguo wa mlango wa nyuma.

Mahali inapogongana

Mgongano wa kwanza ni kufuli. Tangu Windows 8 mwaka 2012, kompyuta nyingi huja na Secure Boot, ulinzi unaokataa kianzishi kisicho na saini inayotambulika. Kwa kuwa saini inayoaminika karibu kila mahali ni ya Microsoft, wasambazaji wa Linux hutumia programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft, ambayo nayo huidhinisha GRUB. Kwa sehemu kubwa mpango huu ulifanya kazi vizuri hadi Agosti 2024. Mwezi huo marekebisho ya usalama ya Windows yalikataza matoleo ya zamani ya vianzishi vya Linux. Microsoft ilikuwa imesema kwamba katazo halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Katika mashine nyingi Windows haikutambua kwamba ina mwenzake, na watu walipochagua Linux walikuta ujumbe wa ukiukaji wa sera ya usalama. Dawa ilikuwepo: zima Secure Boot kwa muda, ingia Linux, futa sera ile mpya, sasisha, kisha washa ulinzi tena. Lakini dawa hiyo ilimfaa tu aliyejua kuifuata.

Mgongano wa pili ni usingizi. Windows ina mpangilio uitwao Fast Startup. Ukibofya kuzima, mashine haizimi kabisa. Huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake upesi. Machoni pa Linux patisheni hiyo ni ya mtu aliyelala na daftari wazi mikononi. Linux hukubali kusoma kilichomo na kukataa kuandika, na inafanya vyema, kwani kuandika hapo kungeweza kuharibu faili. Anayejaribu kuhifadhi waraka wake kisha akakataliwa huilaumu Linux, ilhali suluhisho liko Windows: kuuzima mpangilio huo.

Wa tatu ni usimbaji. BitLocker hufunga diski na kukabidhi ufunguo kwa TPM, na TPM hupima jinsi mashine ilivyowaka. Ukibadilisha kianzishi au ukizima Secure Boot, kipimo hubadilika, na Windows huomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta. Ukinunua mashine iliyotumika, akaunti hiyo huenda ni ya muuzaji au ya mtu usiyemjua. Hapa ndipo watu hupoteza picha za harusi na kazi za miaka mitatu.

Wa nne hauhusu programu. Magharibi mwa Kenya ni nchi ya mvua za alasiri na radi, na stima hupotea bila kupiga hodi. Kupunguza patisheni ya Windows ili Linux ipate nafasi ni kuhamisha data kutoka upande mmoja wa diski hadi mwingine. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, unaweza kupoteza mfumo wote. Laptopu yenye betri nzima ni salama zaidi, lakini ex-UK nyingi huja na betri zilizochoka. Pima betri kwanza. Kama haiwezi kukaa saa nzima, fanya kazi hiyo mahali penye umeme wa akiba.

Kazi ipi, mfumo upi

Mjadala wa Windows na Linux hupotea njia unapokuwa wa mapenzi. Uanze na orodha ya kazi.

Chukua mwalimu wa sekondari hapa Misikhu. Masuala yake na tume ya walimu, TSC, na baraza la mitihani, KNEC, yako kwenye tovuti. Vyeti na vibali viko eCitizen. Karibu kila kitu anachohangaikia kwa serikali hupita kwenye kivinjari, na Firefox au Chrome ya Linux hukifungua vilevile. Kuandaa mtihani wa ndani kwa LibreOffice kunawezekana kabisa, ila akiutuma kwa mwenzake mwenye Word, majedwali na alama za hesabu huweza kuhama mahali pake. Akituma nakala ya PDF shida hiyo haipo. Mipaka halisi iko kwingine. Wanafunzi wengi wa somo la Kompyuta hujiandaa kwa karatasi ya vitendo wakitumia programu za Microsoft, Access ikiwemo, na Access haipo kwenye Linux. Marejesho ya kodi ya iTax kwa miaka mingi yamejazwa kwenye jedwali la Excel lenye makro. Mhasibu wa chama cha ushirika huenda anatumia programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Windows pekee.

Mwenye saiba ana hesabu tofauti. Mashine za wateja zinazofungua kivinjari tu zingeishi vizuri ndani ya Linux. Zingekosa virusi vingi vinavyosafiri kwa flashi, na bando lisingeliwa na masasisho yanayojishusha yenyewe saa za kazi. Lakini mashine iliyounganishwa na printa na skana aijaribu kwanza. Printa nyingi za HP na Epson zina msaada mzuri katika Linux. Baadhi ya chapa nyingine husumbua.

Mwanafunzi wa kompyuta anayesoma chuo kikuu cha Kibabii au cha Masinde Muliro ndiye ambaye mifumo miwili inamfaa zaidi. Seva nyingi za dunia huendeshwa na Linux, na kuijua kwa vidole ni sehemu ya ujuzi atakaouuza. Wakati huohuo baadhi ya kazi za darasani zitamtaka Windows. Ana sababu ya kila upande, na ana muda wa kukosea na kurekebisha.

Ukipitia orodha hiyo utaona kwamba mifumo miwili inastahili pale tu ambapo kila mmoja una kazi ambayo mwenzake hawezi. Anayeiweka yote miwili kwa kutojua aamue lipi, baada ya miezi mitatu huwa anatumia mmoja, na mwingine umekaa ukila GB 60 bila kusasishwa. Siku atakayourudia utakuwa na masasisho ya miezi, bando halitatosha, naye ataahirisha tena.

Njia nyingine zilizopo

Njia mbili zilimshinda fisi kwa sababu alitaka kuzipita zote kwa wakati mmoja. Kompyuta hupita moja kwa wakati, lakini kuna njia za kupata faida ya pili bila kugawa diski.

Ya kwanza ni kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi. Hakuna kinachobadilika kwenye diski, na ndani ya saa moja utajua kama Wi-Fi, sauti na printa vinakubali. Kila mtu apitie hapa kwanza. Ya pili ni mashine pepe, yaani mfumo mmoja ukiendeshwa ndani ya mwingine kama programu. Inataka RAM: kwa GB 4 utateseka, kwa GB 16 utafurahi. Ya tatu ni WSL, ambayo tangu 2016 imewapa watumiaji wa Windows 10 na 11 zana za Linux bila kuzima na kuwasha; kwa mwanafunzi wa programu huenda ikamtosha. Ya nne ni kuhamia Linux moja kwa moja, ambayo kwa mwenye kazi za kivinjari ni nyepesi kuliko mifumo miwili, kwa kuwa cha kutunza ni kimoja.

Ya tano inanipendeza kuliko zote kwa mashine zinazokubali diski mbili: kila mfumo upewe diski yake. Unaweka Windows kwenye moja, unaichomoa, unaweka Linux kwenye nyingine, kisha unazirudisha zote na kuchagua kwa F9 au F12. Kila mfumo una kianzishi chake kwenye diski yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Diski moja ikifa, nyingine inawaka.

Anayeamua kugawa diski moja

Tuseme una SSD ya GB 256, ambayo Windows huionyesha kama GB 238 hivi. Mgawo wa busara una vyumba vitatu vikubwa: GB 100 za Windows, GB 40 za Linux, na takribani GB 95 za faili zako, katika muundo wa NTFS ambao mifumo yote miwili huusoma na kuuandika. Chumba hicho cha tatu kina thamani kuliko vingine, na wengi hukisahau. Mfumo ukiharibika unauweka upya jioni moja. Orodha ya alama za wanafunzi wa Form Four huiweki upya.

Utaratibu wake una mpangilio usiobadilika. Nakili faili zote kwenye diski ya nje, kisha zifungue kutoka huko kuhakikisha zimefika. Andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi, au ufungue usimbaji kabisa kabla ya kuanza. Zima Fast Startup. Punguza patisheni ya Windows kwa kutumia Windows yenyewe. Tengeneza flashi ya Linux na nyingine ya kurejesha Windows, na uwashe mashine kwa kila moja kuona kwamba zinaitika. Hapo ndipo uanze kusakinisha. Kisakinishi cha Linux kikikosa kuiona diski, usikate tamaa: ubao huenda umewekwa hali ya RST ya Intel badala ya AHCI, na kubadilisha hali hiyo kuna hatua za kuandaa Windows kwanza, la sivyo itagoma kuwaka.

Hatua hizo tano zinakuja kabla ya kusakinisha, na nyingi zinahusu kurudi ulikotoka. Mpangilio huo una sababu. Misikhu si mahali ambapo ukikwama unavuka barabara na kumpata mtaalamu wa GRUB. Fundi mzuri yuko Webuye, Bungoma au Kitale, na mafundi wengi wakiletewa mashine isiyowaka huifuta na kuweka Windows upya, kwa sababu hilo ndilo wanaloliweza kwa bei mteja anayoweza kulipa. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Ukiweza kukaa mbele ya mashine yako iliyogoma, flashi mkononi, ukaiamsha bila kumpigia mtu simu, weka mifumo miwili. Kama bado, jifunze hilo kwanza kwenye kompyuta isiyo na kitu cha maana ndani, au chagua mfumo mmoja uutunze vizuri. Hakuna aibu katika kuchagua mmoja.

Na ile saa inayorudi nyuma? Huponywa kwa agizo moja fupi kwenye Linux, timedatectl set-local-rtc 1, linaloiambia iandike saa ya mahali kama Windows. Agizo lenyewe halifundishi mfumo wowote kwamba una jirani. Linabeba maarifa ya mtu anayejua kwamba wako wawili.

Maarifa ya namna hiyo si mageni kwetu. Mtoto wa darasa la tatu hapa Misikhu husoma 9:00 kwenye simu ya mama yake na kusema ni saa tatu. Anabeba hesabu mbili za saa, moja inayoanzia usiku wa manane na moja inayoanzia macheo, naye hachelewi shule, kwa sababu anajua kila hesabu imeanzia wapi. Simu haijui hilo. Yeye ndiye anayelijua.